Jaji Mstaafu na Shauri la Nyumbani

Popote unaponisikiliza, jikoni, dukani au ndani ya daladala, naomba dakika zako chache tuzungumze juu ya mtu ambaye majirani bado wanamwita Mheshimiwa ingawa joho ameshalitundika. Namzungumzia jaji mstaafu. Mtu huyu ameshaambiwa akapumzike. Je, anaweza kurudi akaketi baina ya mume na mke wanaotalikiana, au ndugu wanaogombea nyumba ya marehemu baba yao, akaamua nani apate nini? Na kama anaweza, kwa masharti gani?

Nitaanzia mbali, katika jimbo la Texas, Marekani, kwa sababu wenzetu wa huko wamelijibu swali hili kwa maandishi. Sura ya 151 ya sheria yao inayohusu mashauri ya madai inasema kwamba wadaawa wakikubaliana, shauri la madai au la familia lililoko mahakamani linaweza kuondolewa pale na kupelekwa mbele ya jaji maalumu. Jaji maalumu huyo ni lazima awe mstaafu au jaji wa zamani. Wakili maarufu hafai, hata awe na miaka 40 ya kazi. Anatakiwa awe amekalia kiti cha ujaji kwa muda usiopungua miaka 4, na awe amebobea katika aina ya mashauri anayoletewa.

Kisha kuna sharti ambalo lilinifanya niweke kalamu chini. Asiwe amefukuzwa ujaji, na asiwe amejiuzulu wakati anachunguzwa. Aliyeandika sentensi hiyo anawajua binadamu. Wangapi tumewaona, katika ofisi za kila aina, wakiandika barua ya kuacha kazi siku moja kabla ya ripoti ya uchunguzi kutoka, halafu wakaendelea kuitwa wazee wa heshima? Texas inasema huyo hapiti. Na yule anayepita, kila mwaka aonyeshe kwamba katika mwaka uliotangulia alihudhuria mafunzo ya sheria kwa siku zisizopungua 5. Hilo nalo lina maana kubwa. Sheria haistaafu pamoja na jaji. Aliyeondoka miaka 10 iliyopita ameondoka na sheria ya miaka 10 iliyopita, na mama anayedai matunzo ya mtoto leo anastahili sheria ya leo.

Pengine unajiuliza kwa nini wanamtaja mstaafu na jaji wa zamani kama watu wawili. Texas majaji wanachaguliwa kwa kura, kwa tiketi za vyama, na wa mahakama za awali hukaa miaka 4 kabla ya kurudi kwa wapiga kura. Kwa hiyo jaji mzuri anaweza kuangushwa kwa sababu tu upepo wa chama umegeuka, akiwa bado hajafikia kustaafu. Wana utaratibu mwingine, tofauti na huu wa makubaliano, ambapo mahakama yenyewe humpangia jaji aliyeondoka kazini aje kusaidia palipo na mashauri mengi. Hapo mdaawa katika shauri la madai ana nafasi moja ya kumkataa anayepangiwa, na jaji wa zamani ambaye si mstaafu akikataliwa na upande wowote hakai. Napenda namna walivyofikiri. Wamempa mwananchi sauti, na sauti hiyo wameipa kipimo ili shauri lisicheleweshwe na mtu anayewakataa majaji mmoja baada ya mwingine.

Sasa turudi kwa jaji maalumu, yule wa makubaliano. Ujira wake wanalipa wadaawa, nusu kwa nusu, na Serikali haitoi hata senti. Shauri halisikilizwi katika chumba cha mahakama ya umma, na mtumishi wa umma haruhusiwi kushiriki katika saa za kazi. Hakuna jury, yaani jopo la raia wa kawaida wanaoamua shauri. Jaji anatakiwa awasilishe uamuzi ndani ya siku 60 baada ya kusikiliza kumalizika, na asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa kama kawaida.

Nikitafakari katazo hilo la chumba cha umma, naona haki ndani yake. Wenye fedha wasiruke foleni kisha wakatumia benchi, karani na umeme uliolipiwa na mlipa kodi ambaye yeye bado yuko kwenye foleni. Sawa kabisa. Lakini tazama kinachotokea upande wa pili. Shauri linaondoka mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuingia, kukaa kwenye benchi la nyuma na kusikiliza. Linakwenda ofisini kwa mtu, au katika ukumbi wa kukodi. Mlango unafungwa. Ndani kuna watu watano sita, na aliyeketi katikati analipwa na waliomzunguka.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia, na shauri moja la California litatusaidia kuuelewa.

Bila shaka umewahi kuwasikia Angelina Jolie na Brad Pitt, waigizaji wa filamu. Walioana mwaka 2014, na mwaka 2016 mke akawasilisha maombi ya talaka. Wana watoto 6. California nayo inaruhusu wadaawa kukubaliana kuwa na jaji wa muda. Katiba ya jimbo inataka awe wakili aliyesajiliwa, aape, kisha awe na mamlaka hadi mwisho wa shauri hilo. Wawili hawa wakamchagua John Ouderkirk, jaji mstaafu wa mahakama ya Los Angeles. Hakuwa mtu mdogo. Miaka ya 1990 ndiye aliyesikiliza kesi ya vijana walioshtakiwa kwa kumshambulia dereva wa lori, Reginald Denny, wakati wa ghasia za Los Angeles, kesi ambayo Marekani nzima iliifuatilia. Tena ndiye aliyewafungisha ndoa Jolie na Pitt. Wote wawili walilijua hilo na wakaridhika.

Shida ilitoka kwingine. Jaji wa muda anayelipwa na wadaawa huishi kwa kuletewa mashauri, na wanaoyaleta ni mawakili. Kanuni za California zinamtaka aseme wazi, na aendelee kusema shauri likiendelea, kama mawakili walioko mbele yake wanamletea kazi nyingine. Mwaka 2020 upande wa Jolie ukalalamika kwamba Ouderkirk hakueleza kwa ukamilifu mashauri mengine ambayo mawakili wa Pitt walimpatia wakati la kwao likiendelea. Jaji wa kwanza aliyepelekewa malalamiko hayo aliyakataa. Mwezi Julai 2021 Mahakama ya Rufani ya California ikamwondoa Ouderkirk katika shauri.

Naomba nieleze kwa uangalifu mahakama ilisema nini, kwa sababu hapa watu wengi waliikosea. Haikusema kwamba mzee yule alipendelea. Ilisema kwamba mtu wa kawaida mwenye akili timamu, akielezwa mambo yote, angeweza kuwa na shaka juu ya kutopendelea kwake, na shaka hiyo inatosha kumwondoa. Kazi aliyokuwa ameifanya kuhusu malezi ya watoto ikaanguka pamoja naye. Miaka ikapita, watoto wakakua, baadhi yao wakavuka umri ambao mahakama ingeweza kusema lolote juu ya malezi yao. Wazazi walikuja kufikia makubaliano ya mwisho Desemba 2024, miaka 8 tangu maombi ya talaka.

Miaka 8, msikilizaji, na hawa walikuwa na fedha za kuajiri mawakili bora kabisa. Mke aliweza kuchunguza, kulalamika, kushindwa na kupanda ngazi ya juu zaidi. Sasa mweke pale mama wa Mbagala ambaye mumewe ndiye anayelijua duka, ndiye mwenye akaunti ya benki, na ndiye aliyependekeza jina la mzee atakayewasikiliza. Nani atamwambia kwamba mzee huyo na wakili wa mumewe wameshafanya kazi pamoja mara nne mwaka huu?

Turudi nyumbani. Tanzania hatuna sheria kama ile ya Texas, lakini jaji mstaafu si mgeni katika Katiba yetu. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, na wa Mahakama ya Rufani akiwa na miaka 65. Kenya ni miaka 70 tangu Katiba ya 2010, baada ya 74 ya zamani, na kupunguzwa huko kuliwafikisha majaji wa juu kabisa mahakamani kama wadaawa hadi mwaka 2016. Umri ni namba tu iliyowekwa na watu. Uingereza ilikuwa na 70, na mwaka 2022 ikasogeza hadi 75. Hakuna anayeamini kwamba akili ya jaji inazimika siku ya kuzaliwa kwake. Jaji Augustino Ramadhani alistaafu ujaji mkuu mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu pale Arusha, na akawa Rais wake. Jaji Mohamed Chande Othman aliondoka mwaka 2017, na Umoja wa Mataifa ukaendelea kumtegemea katika uchunguzi wa kifo cha Katibu Mkuu wake wa zamani, Dag Hammarskjöld. Uwezo wa wazee wetu haubishaniwi.

Katiba yetu inamruhusu Rais kumwongezea jaji muda akiona ni kwa maslahi ya umma, na jaji mwenyewe akikubali. Tuliuona mjadala mkali mwaka 2023 Jaji Mkuu Profesa Ibrahim Juma alipoongezewa muda. Uganda, Jaji Mkuu Benjamin Odoki alipofikisha miaka 70 na Rais akataka arudi, Mahakama ya Katiba ilikataa mwaka 2014. Hayo ni mambo ya wakuu na yana wasemaji wengi. Mimi leo nashughulika na shauri la nyumbani, ambalo halitangazwi katika taarifa ya habari.

Kuna kifungu kingine katika Katiba, Ibara ya 110(4), ambacho hakizungumzwi sana na ambacho nakipenda. Kinasema jaji wa Mahakama Kuu aliyefikisha umri anaweza kuendelea hadi amalize kuandaa na kutoa hukumu, au amalize shughuli ya mashauri aliyoanza kuyasikiliza kabla ya kufikia umri huo. Kwa lugha ya mtaani, aliyepakua amalize kugawa. Na sababu yake niliijua kupitia kwa shangazi yangu.

Shangazi ni mjane. Mumewe alipofariki, mashemeji zake walidai kwamba nyumba aliyokuwa akiishi ni mali ya ukoo. Shauri likaenda kwa hakimu, na kifungu nilichokitaja kinawahusu majaji, hakimu hayumo. Hakimu wa shangazi alisikiliza mashahidi wake wote, kisha muda wake wa utumishi ukaisha, akaondoka. Jalada likapewa mwingine. Huyo wa pili alikuta kila neno limeandikwa, lakini shangazi alirudi nyumbani siku ile akaniambia, "Mwanangu, yule wa kwanza alimwona shemeji yangu akitazama chini alipoulizwa nani alinunua mabati. Huyu amesoma tu kwamba alijibu." Sijawahi kusikia mwanasheria akilieleza jambo hilo vizuri zaidi. Katika mashauri ya familia risiti ni chache. Kinachobaki ni uso wa shahidi na kusita kwake kabla ya kujibu, na jalada halibebi uso.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, katika Amri ya 18, kanuni ya 10, inamruhusu hakimu anayepokea shauri kuendelea pale mwenzake alipoishia. Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba sababu za kubadilishana lazima ziandikwe, ili jalada lisizunguke kama mpira bila mtu kujua kwa nini. Katika shauri la shangazi sababu hazikuandikwa. Alishinda, mashemeji wakakata rufaa, mwenendo wote ukabatilishwa, na shauri likaanza upya. Mama yule alikuwa na miaka 61 walipoanza. Sasa alikuwa anakaribia 67.

Kwa hiyo nikisikia mtu anapendekeza wastaafu watumike kupunguza mlundikano wa mashauri, simpingi hata kidogo. Nina shangazi aliyezeeka mahakamani. Na kwa kweli mlango umeshafunguliwa. Kanuni za usuluhishi zilizorekebishwa mwaka 2019 zinamtaja jaji au hakimu mstaafu miongoni mwa wanaoweza kuwa wasuluhishi wa mashauri ya madai. Kenya nao, tangu 2016, walipoanza usuluhishi ulio chini ya mahakama pale Milimani, Nairobi, walianza na vitengo viwili, cha biashara na cha familia. Msuluhishi hatoi hukumu. Anawasaidia wanaogombana wafikie makubaliano yao wenyewe, na wakishindwa shauri linarudi kwa hakimu au jaji. Hiyo ni kinga kubwa, na hapo mstaafu anang'aa, kwa sababu ameona familia nyingi zikigombana na anajua kimyakimya shauri la aina hii huishia wapi.

Lakini kuna wanaotaka twende mbali zaidi, mpaka kwenye jaji wa kulipwa na wadaawa mwenye mamlaka ya kuamua. Kwa mikataba ya biashara, kati ya kampuni na kampuni, mimi sina neno. Kwa ndoa na mirathi nina neno, na nitalisema kwa kutumia shauri ambalo kila mwanafunzi wa sheria nchini analijua.

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani, kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba, zinahesabika kuwa mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa, kwa maana ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama ikasema zinahesabika. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo alioutafuta, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe alizitumia vibaya. Alishindwa. Lakini kanuni ikabaki, na kwa zaidi ya miaka 40 wanawake wasiomjua wamegawiwa mali kwa nguvu ya jina lake, katika mahakama ambazo hakuwahi kuzikanyaga.

Jiulize shauri hilo lingekuwa wapi kama lingemalizwa katika ofisi ya jaji mstaafu mwenye hekima, mlango ukiwa umefungwa. Pengine wawili wale wangetoka wameridhika. Pengine wangemaliza kwa mwezi mmoja. Na kanuni isingezaliwa siku ile, kwa sababu uamuzi usiosomwa na mtu haufundishi mtu. Haki ya rufaa ambayo Texas wameihifadhi kwenye karatasi ni njema, lakini watu walioamua kumaliza mambo yao faraghani mara nyingi hawaendi rufani. Wale wenye mali nyingi, ambao mashauri yao yana maswali mapya na mawakili wa kuyajenga vizuri, ndio watakaotangulia kuondoka. Mahakama zetu zitabaki na mashauri ya maskini, na maskini watabaki na sheria isiyokua.

Ndiyo maana nasema sifa za mstaafu zisipimwe kwa miaka aliyokaa kwenye kiti peke yake. Nataka kujua nani anamlipa, na kama ujira wake unapita kwa msajili wa mahakama au unatoka mkononi mwa wakili. Nataka kujua nani alimtaja kwanza. Nataka mashauri aliyoletewa na mawakili hao hao kwa miaka iliyotangulia yaandikwe kwenye karatasi, na karatasi hiyo isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya mke na mume kabla hawajakaa. Na mambo ya watoto, wakae na nani, wasome wapi, nani atoe matunzo, yaamuliwe na jaji au hakimu aliyeko kazini, ambaye mshahara wake hautegemei kama wakili fulani atampigia simu mwezi ujao.

Shangazi yangu hakuwahi kusikia habari za California. Shauri lilipoanza upya lilipelekwa kwanza kwenye usuluhishi, na msuluhishi alikuwa hakimu mstaafu, mzee mwenye mvi na miwani mizito. Mashemeji walikuwa wameshakaa. Wakili wao alikuwa ameshafungua mkoba. Shangazi akabaki amesimama, ameshika kiti, akauliza, "Samahani Mheshimiwa, wewe na wakili wa shemeji zangu mnafahamiana?"

Chumba kikanyamaza. Wakili akataka kusema kitu, mzee akamwinulia mkono. Akavua miwani, akasema, "Ndiyo, mama. Kijana huyu alikuwa karani wangu kabla hajaenda kusoma sheria. Harusini kwake nilikuwepo. Kazi hajawahi kuniletea, hii ndiyo ya kwanza kukutana. Ukisema niondoke, naondoka sasa hivi, na hutakuwa umenikosea adabu."

Shangazi alimtazama kwa muda. Nilikuwa nimekaa nyuma yake, na nilidhani atamkataa. Akavuta kiti. "Kaa, Mheshimiwa," akasema. "Maadamu umeniambia."

Walitoka saa tisa alasiri na karatasi iliyotiwa saini na wote. Nyumba ni yake hadi leo, na chumba cha uani wamepewa mashemeji waweke vitu vya marehemu.